Mimea ya tangi la samaki kwa maji ya Mombasa

Wateja wangu wengi huja na picha kwenye simu: tangi lina zulia la majani mafupi, nyuma mimea myekundu, samaki wadogo wanapita katikati. "Nataka kama hili." Nami huanza na swali ambalo hawakulitarajia: maji ya nyumbani kwako yatoka wapi?

Hapa Mombasa jibu hubadilika mtaa kwa mtaa. Wapo wenye mfereji, maji ya Mzima au ya Baricho, siku yakija. Wapo wanaonunua madumu ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Na wengi wetu tuna kisima. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, basi maji ya kisima huwa magumu, yamejaa chokaa, na kadiri unavyoikaribia bahari ndivyo yanavyokolea chumvi. Kama huna kipimo, chungulia ndani ya birika la chai. Ukiona ganda jeupe limeshika chini, hayo ndiyo maji utakayoipa mimea.

La pili ni joto. Kaskazi ikishika, tangi la sebuleni lisilo na kipozeo hufika nyuzi 30 kwa urahisi. Lile zulia la kwenye picha mara nyingi ni Hemianthus callitrichoides, mmea mdogo wa Kuba unaotaka mwanga mkali, hewa ya ukaa ya kutiliwa kwa mtungi, na maji yasiyo moto hivyo. Nimewahi kuupanda hapa mara mbili. Mara zote mbili uligeuka manjano, ukang'oka, ukaelea juu kama majani ya chai. Siupandi tena, na mteja aking'ang'ania namwambia atafute fundi mwingine.

Ninaoupenda kwa maji ya kisima ni Vallisneria, ule wenye majani marefu kama utepe. Mimea mingi hutegemea hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, na kwenye maji magumu hewa hiyo huwa haba. Vallisneria hujua kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti, yaani kutoka kwenye ugumu wenyewe. Hata chumvi kidogo huistahimili. Ceratophyllum ni hivyo hivyo, tena haina mizizi kabisa: iache ielee, punguza inapojaza tangi. Tahadhari moja tu: zile dawa za chupa zinazouzwa kama "kaboni ya maji" huiyeyusha Vallisneria.

Kwa mtu asiye na muda, Anubias. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, majani yake magumu kama ngozi, na mwanga hafifu waitosha. Kosa ninalolikuta kila mwezi ni kuizika. Lile shina nene linalotambaa, ambalo majani yatokea juu na mizizi chini, likifukiwa mchangani huoza. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi itashika yenyewe. Kangaga ya Java (Java fern), Microsorum pteropus, hupandwa vivyo hivyo. Hizi mbili ndizo ninazowapa wafugaji wa goldfish, maana goldfish hula karibu kila jani laini.

Cryptocoryne wendtii nayo huvumilia vizuri, ila yataka moyo. Ukiihamisha, majani yote yaweza kuyeyuka ndani ya juma moja. Mama mmoja wa Kizingo alinipigia simu kwa hasira: "Mwanangu, umeniuzia mchicha?" Nikamsihi asiing'oe. Mizizi ilikuwa hai, na mwezi haukuisha majani mapya yakaanza kuchomoza.

Mchanga nao. Watu hupenda kuokota mchanga mweupe na makombe ufuoni, na mimi zamani nilifanya hivyo hivyo. Weka kiganja cha mchanga huo kwenye kisahani, udondoshee siki. Ukichemka povu, ni chokaa, na ndani ya tangi utazidi kuyafanya maji kuwa magumu. Samaki wa Ziwa Malawi watafurahi; mimea ya maji laini haitafurahi. Tumia mchanga wa mto, uoshe mpaka maji yatoke meupe.

Taa, saa saba kwa siku zatosha kuanzia. Tangi lisikae dirishani, jua la asubuhi litakupa maji ya kijani badala ya mimea.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: usiku mimea huvuta oksijeni kama samaki. Maji ya nyuzi 30 yaweza kubeba takriban miligramu 7.5 tu za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba kama 9. Tangi likiwa limesongamana majani na stima ikapotea usiku wa manane, alfajiri utawakuta samaki wanahema juu. Pampu ndogo ya betri si anasa.

Na wauzaji, hebu niwaseme. Niliwahi kuuziwa "mianzi ya majini" dukani, shina kijani zilizonyooka. Ilikuwa Dracaena, mmea wa chungu. Ukizamishwa wote, huoza polepole na kuchafua maji. Dalili nyepesi: mmea wa majini ukiutoa nje hulegea mkononi kama kitambaa kilicholowa. Ukisimama wima, uliza maswali. Lakini si kipimo kamili, kwa kuwa Anubias husimama, na mingi ya vitaluni hukuzwa juu ya maji kwanza.

Yale unayokata usiyatupe mtaroni wala mtoni. Gugu maji la Ziwa Victoria si la huku kwetu kwa asili, nalo lilipendwa kwa maua yake. Mimi huyaanika juani uani mpaka yakauke kabisa, halafu huyatia kwenye shimo la mboji chini ya mpapai.