Dakika nzima kabla ya sindano ya digoksini

"Sista, mapigo 72," aliniambia mwanafunzi wa uuguzi usiku mmoja, vidole bado viko kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa. Nikaweka stetoskopu kifuani, nikahesabu dakika nzima: 118. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Moyo wa mgonjwa yule ulikuwa unadunda bila mpangilio, na mapigo mengine yalikuwa dhaifu mno kufika mkononi. Angeliandika 72, daktari angedhani moyo umeshatulia.

Ndiyo maana kabla ya kumchoma mtu digoksini, dawa ya kutuliza mbio za moyo, nasikiliza kwenye ncha ya moyo, kati ya ubavu wa tano na wa sita upande wa kushoto, usawa wa katikati ya mtulinga. Sihesabu nusu dakika nikazidisha kwa mbili. Mapigo ya mtu mzima yakiwa chini ya 60 kwa dakika, dawa inasubiri, naita daktari.

Halafu naangalia kipimo cha potasiamu, madini yaliyo kwenye damu. Wagonjwa wetu wengi wa moyo wanatumia Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini, nayo huitoa potasiamu kwenye mkojo. Ikishuka, dozi ileile ya jana inaweza kugeuka sumu leo. Figo nazo zikichoka, dawa hukaa mwilini muda mrefu.

Ampuli, yaani kichupa cha dawa, ya mililita 2 kwa kawaida ina mikrogramu 500. Soma lebo hata kama unaijua kwa macho. Kwa mtoto, nukta ikikaa pasipo pake unampa dozi mara kumi. Mwenzangu anapiga hesabu yake peke yake, kisha tunalinganisha. Nikimwonyesha jibu langu kwanza, saa tisa usiku ataitikia tu.

Ukiichanganya na maji ya chumvi, hiyo mililita 2 ifike angalau 8, la sivyo dawa inaweza kuganda vichembe. Hakikisha kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa, haijatoka kwenye mshipa, kisha sukuma taratibu kwa dakika zisizopungua 5, ukitazama saa ya ukutani na mashine ya ECG inayoonyesha mwendo wa moyo. Ukiharakisha, mishipa hubana, hata ile inayolisha moyo wenyewe. Dakika 5 ukiwa umeinama ni ndefu, nakiri. Vuta kiti.

Kuna mama aliwahi kuniuliza kwa nini tumebadilisha taa za wodi, mbona zimekuwa za njano. Taa zilikuwa zilezile; digoksini ikizidi mwilini, mtu anaweza kuona vitu vya njano. Nikaiweka chini sindano ya asubuhi ile, nikampigia daktari.