“Benki haikopeshi mtu mdogo”: dhana potofu kuhusu mikopo ya biashara ndogo

Kuna maneno yanazunguka kila wafanyabiashara wadogo wakikutana, kwamba benki ni za matajiri, kwamba bila hati ya kiwanja usijisumbue, kwamba serikali ikishusha riba basi kila kitu kitanyooka, na mtu akishayasikia mara kumi anayabeba yalivyo, haulizi tena. Mi yananiuma kwa kweli, maana kuna anayekosa hela ambayo angeipata, na kuna anayechukua hela ambayo hakupaswa hata kuigusa.

Na hili si tatizo la watu wachache. Mwaka 2017 IFC, shirika la fedha lililo ndani ya Kundi la Benki ya Dunia, lilipiga hesabu za nchi 128 zinazoendelea likakuta biashara ndogo sana, ndogo na za kati kama milioni 65, yaani karibu 40 katika kila 100, mahitaji yao ya mkopo hayatimizwi, na pengo lenyewe ni dola trilioni 5.2 kwa mwaka. Hapo ni biashara rasmi tu, ambazo hazijasajiliwa hazimo kwenye hesabu hiyo.

“Maskini hawalipi, ndo maana benki zinawakimbia”

Hili lilishajibiwa zamani. Mwaka 1976 kule kijiji cha Jobra, Bangladesh, profesa wa uchumi Muhammad Yunus alitoa dola 27 za mfukoni mwake akawakopesha watu 42 ambao benki zisingewafungulia hata mlango, na wakazirudisha. Kazi ile ikakua mpaka mwaka 1983 ikawa Grameen Bank, benki ya kukopesha maskini, na 2006 yeye na benki wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kwa hiyo anayesema watu wadogo hawalipi anasema kitu ambacho kilishapimwa na kikaonekana si kweli.

Sasa kama wanalipa, mbona wanakataliwa? Sababu ya kwanza ni gharama. Mkopo wa laki moja na mkopo wa milioni mia moja, kazi yake kwa afisa mikopo haipishani kama watu wanavyodhani, lazima akutembelee, asome hesabu zako, aandike ripoti, aipeleke kwenye kamati, afu aanze kufuatilia marejesho, na riba ya laki moja haitoshi kulipia hata siku zake za kuzunguka.

Sababu ya pili ndo kubwa zaidi. Benki haijui wewe ni nani. Wachumi wawili, Joseph Stiglitz na Andrew Weiss, waliandika mwaka 1981 kwamba benki isiyoweza kumtofautisha mkopaji mzuri na mbaya haiwezi kujitibu kwa kupandisha riba tu, kwa sababu riba ikipanda yule mwangalifu anapiga hesabu zake anaona hailipi anaondoka, anabaki yule anayebahatisha, anayesaini chochote kile. Kwa hiyo benki inaona heri ikatae baadhi ya watu kabisa kuliko kuwatoza zaidi. Nikiwa naongea na mtu aliyekataliwa huwa namwambia hivyo hivyo, usichukulie kwamba wamekudharau, inawezekana kabisa hawakukuona.

Chukua fundi cherehani mwenye mashine mbili. Kazi anayo, wateja anao, ila hela yote inapita mkononi, asubuhi ananunua kitambaa kwa hela aliyolipwa jana jioni, hapo katikati katoa ada ya mtoto, kuna wateja watatu wamechukua nguo hawajamalizia, na yote hayo yako kichwani mwake. Muulize mwezi uliopita uliingiza ngapi, atakwambia “ulikuwa mwezi mzuri”, na ni kweli ulikuwa mzuri, lakini kwenye fomu ya benki hamna mahali pa kuandika mwezi mzuri. Fundi huyo huyo akichukua daftari, kila siku akaandika tarehe, kauza nini, kwa ngapi, nani anadaiwa, kanunua nini, na matumizi ya nyumbani akayaweka ukurasa wake peke yake, na malipo hata nusu yake akayapitisha kwenye akaunti au namba ya simu ya biashara, baada ya miezi sita ana kitu cha kuweka mezani. Biashara ni ile ile. Ila sasa anakopesheka, maana mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale kwake anaweza kuiona. Na nisiseme uongo, daftari peke yake halitoshi kila mahali, ila bila hilo mazungumzo hayaanzi.

“Bila hati ya nyumba au kiwanja, sahau”

Zamani ilikuwa karibu na ukweli, na bado maofisa wengi wanaanza na swali la hati. Ila sheria zimebadilika kwenye nchi nyingi. China iliruhusu mwaka 2007 madai ya biashara, yaani hela unazodai wateja, yawe dhamana. Ghana ilianzisha daftari la dhamana, yaani orodha rasmi ya mali zilizowekwa rehani, mwaka 2010, Kenya ikapitisha sheria ya dhamana za mali zinazohamishika mwaka 2017, na kabla ya hapo, 2016, Umoja wa Mataifa kupitia tume yake ya sheria za biashara ulishatoa sheria ya mfano ambayo nchi zinaweza kuifuata.

Mali inayohamishika ni mashine, gari, stoku, mazao ghalani, hata ankara ambazo hazijalipwa. Zamani mkopeshaji alikuwa anaogopa kitu kimoja, atajuaje kama cherehani hii haijawekwa rehani kwa wengine watatu? Daftari la dhamana linajibu swali hilo, anayekopesha anaandikisha kwamba mashine fulani imeshikwa, na mwingine akitafuta anaiona. Jueni tu kwamba hiyo ni rehani kweli, ukishindwa kulipa mashine inaondoka, na ikiondoka na riziki imeondoka, kwa hiyo usiiweke mashine kwa mkopo wa kumalizia sherehe.

Kwenye ankara kuna jambo zuri zaidi. Meksiko, benki ya maendeleo ya Nafin ilianza mwaka 2001 mpango ambao mdogo anayeuza kwa kampuni kubwa anaweza kuchukua ankara yake iliyokubaliwa na mnunuzi akapata hela sasa hivi badala ya kusubiri miezi. Anayeangaliwa uwezo wa kulipa hapo ni ile kampuni kubwa. Kama unauza kwa taasisi kubwa na unalia huna dhamana, hebu uliza kwanza kama ankara zako haziwezi kuwa dhamana.

“Serikali iweke kikomo cha riba, tutapona”

Naelewa hasira iliyoko nyuma ya hili, kabisa. Lakini Kenya ilijaribu. Kuanzia Septemba 2016 benki hazikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya benki kuu, na Novemba 2019 sheria hiyo ikaondolewa. Katikati hapo benki zikaona mtu mdogo hawawezi kumtoza kulingana na hatari wanayoiona, wakaelekeza hela kwenye hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali yenyewe, na kwenye kampuni kubwa, na mdogo ambaye sheria ilimlenga akajikuta anaenda kwenye apu za simu na wakopeshaji wengine ambao kikomo hakikuwagusa. Riba ndogo ya mkopo ambao hupewi haikusaidii kitu.

“Asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka, si mbaya”

Hapa naomba mtulie, shikeni kalamu.

Umekopa 100,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Swali ni asilimia 2 ya nini? Kama inapigwa kwenye deni lililobaki, marejesho yako ni kama 9,456 kila mwezi, na mwisho wa mwaka riba yote uliyolipa ni karibu 13,500. Lakini kama inapigwa kwenye ile 100,000 ya mwanzo kila mwezi, bila kujali umeshapunguza ngapi, utalipa 10,333 kila mwezi na riba inakuwa 24,000. Maneno ni yale yale, “asilimia 2 kwa mwezi”, ila mmoja kalipa riba karibu mara mbili ya mwenzake. Mwezi wa 12 umebakiza deni kidogo tu na bado unatozwa riba kana kwamba laki yote iko mkononi mwako! Ukiigeuza hiyo ya pili iwe kwenye deni linalopungua inafika karibu asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hapo bado ada ya fomu, bima, na akiba ya lazima. Wakikukata 5,000 kabla hujaondoka umepokea 95,000 lakini riba unalipia laki. Na mikopo ya simu ya asilimia 7.5 kwa siku 30, ukiirudia mwaka mzima ni asilimia 90. Kama umenunulia mzigo unaoisha ndani ya wiki na faida yake unaijua, inaweza kulipa, sikatai. Ukinunulia mashine itakayokurudishia hela baada ya miaka miwili umejifunga mwenyewe. Mi huwa nawaambia watu waulize mambo matatu tu na wayatake kwa maandishi: mkononi napokea ngapi, jumla narudisha ngapi, na tarehe zipi. Akizunguka zunguka kukujibu, inuka uondoke.

“Mkopo ndo utakaonitoa”

Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zilizolinganisha watu waliofikiwa na mikopo na ambao hawakufikiwa. Hazikuonyesha kwamba mkopo unawaharibu watu kwa ujumla, ila hazikuonyesha pia kwamba mapato ya kaya ya kawaida yalipaa. Kule Hyderabad, India, waliofaidika zaidi ni waliokuwa na biashara tayari kabla ya mkopo kufika. Hilo linaniambia kwamba mkopo unaikuza biashara iliyopo, ukikuta hamna biashara unabaki kuwa deni. Na India hiyo hiyo, jimbo la Andhra Pradesh, mwaka 2010 watu walikuwa wamekopeshwa na taasisi tatu nne kwa wakati mmoja, wakaanza kukopa huku kulipa kule, kukaripotiwa watu kujiua, serikali ya jimbo ikaingilia kati na marejesho yakaanguka karibu yote.

Kitu kingine ambacho hakisemwi ni ratiba. Mkopo mdogo wa kawaida unaanza kurejeshwa baada ya wiki moja au mbili, sasa hela ya wiki ya kwanza inatoka wapi kama bado hujaifanyia kazi? Watu wanatunza sehemu ya mkopo wenyewe ili walipe mkopo huo huo! Kule Kolkata, India, watafiti waliwapa baadhi ya wakopaji miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza, na baada ya miaka mitatu biashara za hao zilikuwa na faida kubwa kuliko za wengine. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndo maana wakopeshaji wanasita. Lakini ukiwa na nafasi ya kujadiliana, mi naona jadili muda kabla ya riba.

“Nimesikia jina langu liko kwenye taarifa za mikopo, basi nimeisha”

Wengi wanadhani ofisi za taarifa za mikopo ni orodha ya wadaiwa sugu. Penye mfumo uliokamilika zinabeba na mazuri, kila rejesho ulilolipa kwa wakati linaandikwa, na kwa mtu asiye na kiwanja hiyo ndo mali yake ya pekee ambayo benki nyingine inaweza kuiona. Ambaye hajawahi kukopa kabisa naye ana shida, hana chochote mle. Nchi nyingi zinakupa haki ya kuomba ripoti yako, iombe kabla ya kwenda kukopa, angalia kama kuna deni ulishalipa ambalo bado linasoma wazi, na ukilikuta peleka risiti ya malipo ya mwisho wakarekebishe, afu subiri mpaka uone kwa macho yako ripoti mpya imebadilika ndo ujaze fomu ya mkopo.