Jinsi ya Kukadiria Bei ya Kuuza Gari la Njia Mbovu Lililofanyiwa Mabadiliko

Mtu anayetaka kuuza gari la njia mbovu alilolibadilisha kidogo kidogo kwa miaka kadhaa mara nyingi humjia mthamini akiwa na bahasha ya risiti. Humo mna springi na shokapu, matairi makubwa, bampa la chuma, winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari linapokwama), keria, betri ya pili na malipo ya fundi, naye amekwisha kuyajumlisha yote juu ya bei aliyonunulia gari. Jumla hiyo inaonyesha kwa usahihi fedha alizotumia, lakini haionyeshi thamani ya gari, kwa kuwa thamani ya soko ni kiasi ambacho mnunuzi na muuzaji, wote wawili wakiwa na taarifa za kutosha na bila kushurutishwa, wangekubaliana siku ya uthamini. Mnunuzi hakuwapo risiti zilipokatwa, na huenda nusu ya vifaa vilivyofungwa hana haja navyo. Gari lililobadilishwa sana ni kama suti iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja: kitambaa ni kizuri na mshonaji ni hodari, ila wanaoweza kuivaa ni wachache.

Kwa sababu hiyo uthamini huanza kwa kutafuta bei ya gari linalofanana na hilo ambalo halijaguswa, yaani la aina hiyo hiyo, mwaka huo huo wa kutengenezwa, injini na giaboksi hizo hizo, kilomita zinazokaribiana na hali ya bodi inayolingana. Bei hiyo ndiyo msingi, na mabadiliko yote hupimwa kwa kuongeza au kupunguza juu yake. Katika kuutafuta msingi huo, tahadhari moja haina budi kuzingatiwa: bei zinazoandikwa kwenye matangazo ni bei ambazo wauzaji wanatamani kuzipata, si bei zilizolipwa. Tangazo ambalo limekaa miezi mingi bila gari kuuzwa linatufundisha kwamba bei ile imekataliwa, na kwa mthamini hilo ni somo lenye manufaa kuliko tangazo jipya la asubuhi hii. Mauzo yaliyokamilika, hata yakiwa matatu au manne tu, yana uzito zaidi ya matangazo thelathini.

Hata idadi ya kilomita, ambayo wengi huichukulia kuwa jambo lisilo na ubishi, huhitaji kusahihishwa katika magari haya. Mita ya gari huhesabu mizunguko ya magurudumu kwa kudhani kwamba matairi yana ukubwa aliouweka mtengenezaji. Tairi la inchi 31 likibadilishwa kwa la inchi 33, kila mzunguko hulisogeza gari mbele kwa takriban asilimia 6.5 zaidi, na mita ambayo haikurekebishwa haina habari. Tangu siku ya mabadiliko hayo, kila kilomita 100,000 zinazosomeka kwenye mita ni kilomita 106,500 hivi zilizotembewa kweli, na hata mshale wa mwendo unaoonyesha 100 unaficha mwendo wa zaidi ya 106. Mthamini mwangalifu huuliza matairi yalibadilishwa mita ikisoma ngapi, kisha hufanya hesabu kwa sehemu ile inayofuata pekee.

Baada ya msingi kupatikana, swali la kwanza kwa kila badiliko ni kama linaweza kuondolewa gari likarudi kama lilivyotoka kiwandani. Vitu vilivyofungwa kwa bolti, kama vile keria, hema la juu ya paa, winchi, taa za ziada au jokofu la safari, havimfungi mnunuzi: akivipenda anavitumia, asipovipenda anavifungua na kuviuza. Thamani ya kifaa kama hicho haiwezi kuzidi sana bei yake sokoni kikiwa kimetumika, na kwa kawaida huwa chini yake, kwa sababu mnunuzi wa gari hakuja kununua hema. Umri wa kifaa huangaliwa chenyewe, mbali na umri wa gari. Kwa matairi jambo hilo ni rahisi, maana ubavuni mwake huandikwa tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno marefu lakini lililoanza kupasuka ubavuni kwa uzee halina cha kuongeza kwenye bei, hata kama muuzaji anasema limetembea kidogo. Kwa winchi, kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba uwezo wake wa kuvuta uwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa, hivyo gari la kilo 3,000 linahitaji winchi ya kilo 4,500 hivi. Winchi dhaifu kuliko hapo, au yenye kamba ya sinthetiki iliyoliwa na jua, ni mapambo.

Springi na shokapu zinastahili kujadiliwa kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo badiliko lile lile linaweza kupandisha bei kwa gari moja na kuishusha kwa jingine. Gari lililoinuliwa kwa sentimita tano hivi, kwa seti kamili ya springi na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, kwa kawaida hupokewa vizuri na wanunuzi wa magari ya aina hii, na mara nyingi huuzwa haraka kuliko lile ambalo halijaguswa. Gari lililoinuliwa kwa vipande vya chuma vilivyopachikwa juu ya springi za zamani lina mwonekano huo huo kwa mbali, lakini shokapu zake zinafanya kazi nje ya urefu uliokusudiwa. Kadiri gari linavyoinuliwa zaidi, ndivyo vitu vingi zaidi vinavyovurugika: pembe ya usukani hubadilika na gari kuanza kutangatanga barabarani, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) hufanya kazi kwa mkunjo mkali na misalaba yake, yaani viungo vyake, kuisha mapema, mipira ya breki huvutwa, na katika magari yenye shafti za mbele zinazojitegemea, mipira inayofunika viungo vyake hupasuka na kumwaga grisi. Mambo hayo yote yana tiba, na ikiwa tiba imefanyika kuna vipuri vinavyoonekana chini ya gari: vyuma vya kurekebisha pembe, mipira mirefu ya breki, mikono ya ekseli inayorekebishika. Visipoonekana, gharama ya kuvinunua na kuvifunga hukatwa kwenye bei. Kuendesha gari kwa mwendo wa barabara kuu kwa robo saa hufichua mengi kuliko maelezo ya mwenye gari, hasa mtetemo wa usukani unaoanza ghafla baada ya gurudumu kugonga shimo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni uzito. Bampa la chuma pamoja na winchi huweza kuongeza karibu kilo 100 mbele ya ekseli ya mbele. Hema la juu ya paa huwa na kilo 50 hadi 80. Lita 90 za dizeli katika tangi la ziada zina uzito wa kilo 75 hivi. Gari ambalo mtengenezaji aliliruhusu kubeba kilo 700 linaweza kuwa limekula theluthi moja ya uwezo huo kabla dereva hajaketi. Likipakiwa abiria, maji na mizigo na kuvuka uzito wa juu ulioandikwa kwenye hati zake, kampuni ya bima ina sababu ya kuhoji madai ya ajali, na mnunuzi anayelijua jambo hili hulipa pungufu. Kwa maoni yangu, cheti cha mizani, gari likiwa na vifaa vyake vyote, kina nguvu ya kumshawishi mnunuzi mzoefu kuliko picha ishirini za gari likipanda mwamba.

Kundi linalofuata ni la mabadiliko yasiyorudi nyuma. Chasisi iliyokatwa au kuchomelewa, bodi iliyochongwa ili matairi yapate nafasi, paa lililotobolewa, madigadi ya mbele yaliyokatwa ili kupitisha snokeli, yaani bomba linaloivutia injini hewa kutoka juu: hapa hakuna kufungua bolti. Mchomeleo kwenye chasisi, hasa karibu na boksi la usukani na vishikizo vya springi, huchunguzwa kwanza kama ni urembo wa fundi au ni ufa uliofichwa. Kubadilisha injini kunahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Injini yenye nguvu zaidi inaweza kuwa nzuri kwa kila kipimo cha ufundi, lakini ikiwa namba yake hailingani na ile iliyo kwenye kadi ya usajili, mnunuzi hununua pamoja na gari mgogoro wa nyaraka, na wengi watakataa hata kwa bei ya chini. Vivyo hivyo kuondoa kichujio cha masizi katika injini ya dizeli, jambo ambalo katika nchi nyingi haliruhusiwi kwa gari linalotumia barabara za umma. Badiliko lisilo na kibali pale kibali kinapotakiwa halipewi thamani yoyote, na gharama ya kulirudisha katika hali halali hutolewa kwenye msingi.

Umeme wa nyongeza nitaupita upesi: waya zilizofungwa kwa utepe, bila fyuzi karibu na betri, ni hatari ya moto, na hupunguza bei kwa kiasi cha kumlipa fundi umeme azing'oe na kuzipanga upya.

Mabadiliko yenyewe pia ni ushahidi wa jinsi gari lilivyotumiwa, ingawa ushahidi huo husomwa kwa uadilifu. Snokeli haithibitishi kwamba gari limezama, maana wengine huifunga kwa ajili ya vumbi, na magari mengi yenye winchi hayajawahi kuitumia. Hivyo basi hatuhukumu kwa vifaa bali kwa alama. Mafuta ya difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) yakifunguliwa na kuonekana yamegeuka meupeupe, maji yameingia, na beringi zilizomo haziaminiki tena hata kama hazijaanza kulia. Udongo mkavu ndani ya chasisi, kutu nyuma ya zulia, mikwaruzo kwenye sahani za chini, na tangi lililobonyea husimulia safari ambazo mwenye gari huenda hakuzitaja. Kwa upande mwingine, daftari la matengenezo linaloonyesha kwamba mafuta ya difu na giaboksi yalibadilishwa baada ya kila safari ya maji mengi huongeza imani, na imani katika soko hili hulipiwa.

Mfano wa kufikirika utaonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Tuseme msingi ni 100, na mwenye gari ametumia 35 katika mabadiliko, kwa hiyo anatarajia 135. Springi na shokapu za seti kamili, zenye umri wa miaka miwili, zinaweza kuongeza 4, bampa na winchi 4, matairi yaliyobakiza nusu ya meno 1, hema 2, taa na betri ya pili 1. Hiyo ni 112. Pembe za usukani hazijarekebishwa, toa 2. Mita haikurekebishwa na kilomita za kweli ni zaidi, toa 2. Bodi imechongwa nyuma ya magurudumu ya mbele, toa 3. Tunabaki na 105. Mwenye gari akihifadhi springi, rimu na bampa za awali na kumkabidhi mnunuzi, 1 au 2 hurudi, kwa sababu amempa uhuru wa kuchagua. Namba hizi si kiwango cha kutumiwa kila mahali, na kila gari hupata zake, lakini pengo kati ya 135 na 105 si la ajabu hata kidogo.

Kutokana na hesabu hiyo, muuzaji ana njia ya pili ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa, nayo ni kuvifungua vifaa vinavyofunguka, kuvirudisha vya kiwandani, na kuuza gari na vifaa kwa wanunuzi tofauti. Katika mfano wetu hema linaloongeza 2 likiwa juu ya gari linaweza kuuzwa 4 likiwa peke yake kwa mtu anayelitafuta. Njia hiyo hudai muda na malipo ya fundi, na haifai pale mashimo yatakayobaki yatalifanya gari lionekane limeporwa. Inafaa zaidi kwa magari ambayo wakusanyaji wameanza kuyatafuta katika hali yake ya awali. Land Rover Defender ya zamani, ambayo uzalishaji wake ulikoma Januari 2016, ni mfano mzuri: lile ambalo halijatobolewa huwavutia wanunuzi ambao hawangeuliza hata bei ya lililobadilishwa.

Mwisho, anayeomba uthamini aeleze ni wa kazi gani, maana ripoti ya kuuza na ripoti ya bima si kitu kimoja. Kwa bima, mwenye gari anaweza kuomba mkataba wa thamani ya makubaliano, ambamo vifaa huorodheshwa kimoja kimoja pamoja na picha na risiti, na hapo ile bahasha ina kazi kubwa kwa sababu kinachotafutwa ni gharama ya kuvipata tena baada ya hasara. Kifaa ambacho hakikutajwa kwenye mkataba wa bima huenda kisilipwe kabisa. Kwa mauzo, ripoti itaje tarehe, usomaji wa mita, namba ya chasisi na ya injini, na kila badiliko pamoja na athari yake kwenye bei, iwe ya kuongeza au ya kupunguza, na ifanywe upya gari likibaki bila kuuzwa kwa miezi sita au likifungwa kifaa kingine kikubwa.