Kuchangia utafiti wa tiba asili na kilimo hai: yanayosemwa na yalivyo

Mkazi wa Dar es Salaam hachoki kuchanga. Harusi, kipaimara, msiba, ujenzi wa msikiti, matibabu ya mtoto wa jirani: ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp, ahadi inaandikwa, mhazini anakumbusha mpaka utume. Mwombe mtu huyohuyo achangie utafiti wa mitishamba au wa kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani, atakutazama kama umemwomba nauli ya kwenda mwezini. Sababu zake nimezisikia mara nyingi, na nyingi hazisimami.

"Hiyo ni kazi ya serikali na wafadhili."

Serikali inafanya, hilo tusibishe. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo cha tiba asili Mabibo. Mikocheni kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo kinachohangaika na virusi vya muhogo. Ila nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa utafiti, na Tanzania bado haijafika hapo. Kampuni za dawa nazo hazina haraka: mti unaoota uani kwa kila mtu ni vigumu kuupatia hatimiliki, yaani haki ya kuuza dawa yake peke yako, na pasipo hatimiliki faida haionekani. Hapo katikati ndipo sadaka inapopata kazi.

Wala kuchangia utafiti si jambo geni duniani. Jaribio la ngano la Broadbalk, huko Rothamsted nchini Uingereza, lilianza mwaka 1843 na linaendelea mpaka leo. Mwanzilishi wake, John Bennet Lawes, mwaka 1889 alitenga pauni 100,000 ili kazi isife naye. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Tunajua wakfu: mwenye minazi au nyumba anafariki, mapato yanaendelea kuhudumia madrasa au kisima.

"Ukichangia tiba asili unawapa kiburi waganga."

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu mambo yako kinyume. Kumbuka Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kwa shilingi 500 kijijini Samunge, dawa ya mti wa mugariga, na watu walifunga safari kutoka kila pembe ya nchi, hapa Dar wakiwemo. Wapo waliokuwa wanatumia dawa za kufubaza VVU wakaziacha. Wataalamu wa serikali walipokwenda kuuchunguza mti, maelfu walikuwa wamekwisha kunywa. Fedha ya utafiti ndiyo inayowezesha swali kuulizwa kabla ya foleni: nani aliumwa nini, alipimwa lini, miezi sita baadaye ana hali gani. Na mchangiaji akubali mapema kwamba jibu linaweza kuwa "haitibu". Anayechangia kwa sharti kwamba dawa ya mjomba wake ithibitishwe, huyo anataka tangazo.

"Mimea haina madhara, ipimwe ya nini? Wazee walikunywa."

Chukua mmea wa pakanga ya Kichina. Mwanasayansi Tu Youyou alitafuta dawa ya malaria katika maandishi ya kale ya China, akaukuta mmea huo. Joto la kuchemsha liliharibu nguvu ya mmea. Alipobadili njia na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, akapata kiini cha dawa mseto tunayopewa zahanati leo. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sasa jiulize ni mitishamba mingapi tunaichemsha kwa mazoea tu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya majani hayo kwa malaria, kwa kuwa kipimo chake hakitabiriki na dozi pungufu inaweza kufanya vimelea wawe sugu kwa dawa. Mmea ni uleule, matumizi mawili, na tofauti yake imeletwa na maabara.

"Kilimo hai ni kilimo cha babu. Samadi na jembe, basi."

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi, ukipima madini yenye sumu kama risasi na kadimiamu. Mchicha wa pale unaweza usiguswe na kiuatilifu hata kimoja ukabeba sumu ya maji machafu ya viwandani. Babu hakuwa na mto wa namna hiyo. Kuhusu mavuno, wapenzi wa kilimo hai (nami nimo) tuache kupamba: tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwa wastani yanapungua kwa takriban moja ya tano kuliko ya kilimo cha kemikali. Lakini wastani huo unaficha mengi, na majibu ya Ulaya hayatoshi kwa udongo wetu. Ndiyo maana taasisi ya utafiti wa kilimo hai ya FiBL ya Uswisi, iliyoanzishwa kama wakfu binafsi mwaka 1973, inaendesha tangu 2007 majaribio ya muda mrefu Chuka na Thika nchini Kenya. Udongo hujibu polepole. Mradi wa miaka mitatu unafungwa kabla haujasema kitu.

"Pesa zinaishia kwenye mishahara."

Ndiyo, nyingi zinakwenda huko, na ndivyo inavyotakiwa. Kuna mtu lazima apime uzito wa mahindi ya kila kitalu, yaani kila kipande cha majaribio, kila msimu, na aandike bila kudanganya. Kuna muuguzi anayempigia simu mgonjwa aliyepotea. Mashine bila hao ni mapambo. La kukagua ni kama shirika limesajiliwa, kama taarifa yake ya mwaka ina hesabu zilizokaguliwa, na kama utafiti wa watu una kibali cha maadili. Wakikujibu kwa kukutumia lipa namba pekee, achana nao.

"Utapunguziwa kodi."

Kwa mwenye biashara, kwa kiasi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 iliweka ukomo wa mchango unaoondolewa kabla ya kukokotoa kodi kuwa asilimia 2 ya mapato ya biashara, na kwa taasisi zinazotambuliwa tu. Mwajiriwa asihesabu hilo.

"Elfu kumi yangu itafanya nini?"

Mwaka 1948 mgonjwa wa saratani, David Tasma, alimwachia Cicely Saunders, aliyekuwa akimtembelea hospitalini, pauni 500. Tasma alikuwa mhudumu katika mgahawa, si tajiri. Saunders alifungua St Christopher's, hospitali ya wagonjwa walio karibu na kufa, jijini London mwaka 1967, na utafiti wake juu ya maumivu ya mwili, moyo na roho kwa pamoja ndio msingi wa huduma shufaa, ya kupunguza maumivu ya wagonjwa mahututi, inayotolewa leo hapa kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Ilichukua miaka 19.

Asiye na pesa anaweza kuwa na shamba Kisarawe au Mkuranga linaloota nyasi. Watafiti huhitaji vitalu kwenye mashamba ya watu, hasa vya muhogo. Ukijitolea, andikianeni idadi ya misimu na uwashirikishe wanao, maana mrithi akiuza kipande katikati ya jaribio, takwimu za misimu yote iliyotangulia zinaweza kukosa maana.