Je, wajua kwa nini Dar hadi Nairobi si safari ya dakika 50?

Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam na Nairobi zimeachana kwa kama kilomita 665. Jeti ya abiria ikiwa juu hukimbia kilomita 800 kwa saa, hata zaidi. Gawanya: dakika 50. Mbona basi tiketi inasema saa moja na dakika 20?

Wengi husingizia upepo. Upepo upo na huongeza au kupunguza dakika kadhaa, lakini hauwezi kula nusu saa kwenye safari fupi namna hii. Tatizo ni hesabu yenyewe.

Kwanza, saa ya ratiba haianzi magurudumu yakiachana na lami. Inaanza ndege inapotoka kwenye maegesho ya Julius Nyerere, na inakoma inaposimama kwenye maegesho ya Jomo Kenyatta. Kujivuta hadi njia ya kurukia, kusubiri zamu, kisha kutembea tena baada ya kutua hula dakika 10 hadi 15.

Pili, kilomita 800 kwa saa ni mwendo wa kipande cha katikati tu. Chini ya futi 10,000 ndege kwa kawaida haizidi noti 250 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), yaani kama kilomita 460 kwa saa. Kupanda hadi futi 35,000 huchukua dakika 20 hivi, na kufikia hapo imeshafika eneo la Korogwe, kama kilomita 200 kutoka Dar. Kushuka nako kunataka nafasi: kwa kila futi 1,000 marubani hutenga maili 3 za baharini (kama kilomita 5.5), na nyingine kidogo za kupunguza mwendo. Kwa hiyo kama kilomita 180 kabla ya Nairobi, Kilimanjaro ikiwa ndiyo kwanza imepitwa upande wa kushoto, ndege inaanza kuteremka. Ukitoa kupanda na kushuka, mwendo kamili unabakiwa na kilomita 285 hivi. Dakika 21!

Ifikirie nauli ya bajaji ya kuita kwa simu. Kuna kianzio, halafu kuna bei ya kila kilomita. Ukienda jirani tu, kianzio ndicho kinachokuumiza; ukienda mbali, hukioni. Kianzio cha jeti ni nusu saa. Basi gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza dakika 30. Mwanza, kilomita 850 kutoka Dar, inakuja saa moja na dakika 34. Dubai, karibu kilomita 3,980, inakuja kama saa tano na nusu. Zote mbili hukaa jirani kabisa na ratiba.

Zanzibar inaivunja kanuni hii. Ni kilomita 73 tu, na vindege vidogo vya injini moja havina haja ya kupanda juu sana wala kuzunguka sana uwanjani, hivyo dakika 20 hivi zinatosha ingawa mwendo wao ni kama kilomita 300 kwa saa.

Tahadhari moja kabla hujakagua tiketi yako: saa zinazoandikwa ni za mji husika. Kigali iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Safari ya moja kwa moja ya karibu saa mbili, ukitoka saa 4:00 asubuhi, itaandikwa kuwa inafika kama saa 4:55. Kurudi, ndege ileile itaonekana kutumia karibu saa tatu.