Mkanda wa saizi yake

"Daktari, presha si ugonjwa wa wazee?"

Mama aliyeniuliza alikuwa ametoka kambini moja kwa moja, bado na sare ya jeshi, mwanawe wa miaka 6 amemlalia mapajani. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba, macho hayafunguki vizuri. Alidhani ni kulala vibaya, maana kila ikifika jioni uvimbe ulipungua. Kilichomshtua ni mkojo: ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea majani.

Kituo walikopitia kwanza walimpima presha wakapata 102 kwa 62, wakaandika "kawaida". Lakini mkanda waliokuwa nao, ule unaofungwa mkononi na kujazwa hewa, ulikuwa wa mtu mzima. Mkanda mpana kwenye mkono mwembamba hushusha namba, na mdogo kupita kiasi huipandisha. Nikapima mzingo wa mkono wake, katikati ya bega na kiwiko, kisha nikachagua mkanda ambao mfuko wake wa hewa una upana usiopungua asilimia 40 ya mzingo huo na unauzunguka mkono kwa asilimia 80 au zaidi. Tukamkalisha dakika 5, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Ikasoma 118 kwa 80. Nikarudia mara mbili, haikushuka.

Kwa mtu mzima usingeshtuka. Kwa mtoto tunaangalia umri, jinsia na urefu; jedwali la uchunguzi la Marekani la 2017 linataka mvulana wa miaka 6 achunguzwe zaidi akifika 105 kwa 66 tu.

Nikamwambia, "Mama, presha ya mtoto mdogo mara nyingi ina kitu nyuma yake, na mimi huanza kutafuta kwenye figo." Nikamkunja suruali mtoto. Miguuni kulikuwa na makovu ya vidonda vya upele vilivyopona wiki chache nyuma. Bakteria wa vidonda vile huamsha kinga ya mwili, na mabaki ya vita hivyo hunasa kwenye vichujio vya figo. Vichujio vikivimba, damu na protini huvujia kwenye mkojo. Chumvi na maji hubaki mwilini, presha inapanda. Ikiachwa, inaweza kupanda ghafla hadi mtoto akapata degedege, na watu wakasema ni malaria.

Malaria yenyewe nayo haina huruma kwa figo. Tafiti za Kampala na Jinja, Uganda, zimeonyesha kuwa figo kuumia ni jambo la kawaida kwa watoto wenye malaria kali, na baadhi yao hubaki na ugonjwa sugu baada ya kuruhusiwa. Hao ndio ninaowafuatilia katika utafiti wangu, pamoja na wenye selimundu na waliozaliwa njiti. Figo humaliza kutengeneza vichujio karibu na wiki ya 36 ya mimba, takriban milioni moja kila upande. Kinachokufa baada ya hapo hakioti tena. Vilivyobaki hubeba mzigo wa wenzao, presha hupanda, nayo presha huvichakaza zaidi.

Mzunguko huo unaweza kupunguzwa kasi, na hili ndilo linaloniamsha asubuhi. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ulaya kwa watoto 385 wenye ugonjwa sugu wa figo, wote wakitumia dawa ya presha iitwayo ramiprili. Wale ambao presha yao ilishushwa zaidi ya kiwango kilichozoeleka, figo zao zilichelewa kuharibika. Nilifurahi sana Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipofanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Desemba 2023, lakini mtoto aliyepimwa mapema huenda asiuhitaji kamwe.

Basi muuguzi mwenzangu, kama kituoni kwako mkanda ni mmoja tu, andika kwenye kadi ni wa saizi gani. Mzazi, ukiona mtoto anaamka uso umevimba, usimpe dawa ya maumivu ya dukani kama diklofenaki. Peleka mkojo wake upimwe kwa kijiti, kisha uulize presha ni ngapi.

Yule kijana alirudi mwezi wa tano: 96 kwa 58, mkojo hauna protini. Mama akauliza kama sasa wameachiwa. Nikamwambia bado, tutamwona kila miezi mitatu hadi mwaka utimie. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshakunja mkono wa shati.