Kaburi la Whitehall halina mtu

Watalii wengi wakisimama mbele ya Cenotaph, mnara wa kumbukumbu ya wafu wa vita katika mtaa wa Whitehall, London, hudhani chini yake wamelala wanajeshi. Hamna hata mfupa. Mnara wa kwanza, mwaka 1919, ulikuwa wa mbao na plasta tu. Jina lenyewe limeshasema: kwa Kigiriki kenos ni tupu, taphos ni kaburi, Wafaransa wakapata cénotaphe, Waitaliano na Wahispania cenotafio, Wajerumani Kenotaph.

Kuchanganya kunaeleweka. Mnara wa mawe wa msanifu majengo Edwin Lutyens ulizinduliwa tarehe 11 Novemba 1920, siku ileile askari asiyejulikana alipozikwa Westminster Abbey, mwendo mfupi kutoka hapo. Huyo ndiye mwenye kaburi.

Dante, mshairi wa Italia, naye ana kaburi la fahari Florence, ndani ya kanisa la Santa Croce. Mwili uko Ravenna, alikofia mwaka 1321, na wenyeji hawautoi.